Babu Alizikwa Mwislamu, Nami Nataka Kumbatiza

Mwezi huu nimepokea barua mbili juu ya jambo moja. Ya kwanza ni fupi, naitanguliza kwa sababu jibu lake litamsaidia msomaji kuielewa ya pili.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Jirani yangu ameniambia kuna kanisa lililotoka Marekani ambalo linabatiza watu waliokwisha kufa. Mtaani wengine wanasema makaburi yanafukuliwa usiku. Nimeogopa hata kuuliza zaidi. Je, ni kweli?
*Mama wa watatu, Dodoma*

JIBU: Marahaba mama. Kaburi haliguswi, wala mwili wa marehemu hauhusiki kabisa. Mwambie jirani yako hivyo, maana maneno kama hayo huwaumiza watu.

Kanisa lenyewe linaitwa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na makao yake makuu yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Watu wengi huwaita Wamormoni, ingawa wenyewe wanapenda jina lao kamili. Anayezamishwa majini ni mtu aliye hai, mara nyingi kijana wa miaka kumi na kitu, amevaa nguo nyeupe. Hufanyika ndani ya hekalu, katika birika kubwa lililokaa juu ya migongo ya sanamu za maksai kumi na wawili, mfano wa makabila ya Israeli. Linatajwa jina la marehemu, kijana anazamishwa kwa niaba yake na kuinuliwa. Kisha linatajwa jina jingine. Mwanamume husimama kwa ajili ya mwanamume, mwanamke kwa ajili ya mwanamke.

Mafundisho haya yalianza 1840 huko Nauvoo, Illinois. Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, aliyatangaza akihubiri mazishini, na watu wakaanza kubatizwa katika Mto Mississippi kwa ajili ya ndugu zao waliofariki. Smith mwenyewe alikuwa na kaka aliyeitwa Alvin, aliyekufa 1823, miaka saba kabla kanisa halijaanzishwa. Ukilijua hilo unaelewa uchungu uliozaa mafundisho yenyewe. Wanategemea Wakorintho wa Kwanza 15:29, pale Paulo anapouliza wale wanaobatizwa kwa ajili ya wafu watafanyaje ikiwa wafu hawafufuliwi. Makanisa mengine huusoma mstari huo vinginevyo.

Wanafundisha pia kwamba roho ya marehemu, huko iliko, ina hiari ya kuupokea ubatizo huo au kuukataa, na kwamba aliyebatiziwa hivyo hahesabiwi kuwa muumini wao. Na kwa kuwa kila ubatizo unahitaji jina la marehemu, wanakusanya majina kwa bidii ambayo sijaiona kwingine duniani. Chama chao cha nasaba kilianzishwa 1894. Filamu za rejista za vizazi, ndoa na vifo kutoka nchi nyingi zimehifadhiwa katika ghala lililochimbwa ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, na tovuti yao ya FamilySearch iko wazi kwa kila mtu bila malipo. Katika nchi kadhaa za Afrika wamewatuma watu kukaa na wazee na kuandika nasaba zilizokuwa vichwani mwao tu. Kazi hiyo mimi naiheshimu, maana wazee wetu wanaondoka nazo kila mwaka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 26, ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na ninafanya kazi Nairobi. Miaka mitatu iliyopita nilibatizwa katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025 nilifurahi sana, kwa sababu waliotutangulia walikuwa wakisafiri mpaka Johannesburg. Nataka kupeleka jina la babu yangu mzaa baba. Ndiye aliyenilea mpaka nikafika darasa la sita. Alizaliwa 1931 (?), akafariki 2009, akaswaliwa na kuzikwa siku hiyo hiyo baada ya Alasiri. Alikuwa Mwislamu maisha yake yote.

Baba anasema nifanye nitakavyo. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliposikia alilia kwenye simu. Akaniambia, "Hata Wayahudi waliwakataza hao, nenda kaulize." Nikamjibu, "Shangazi, kama huamini, basi kwako ni maji tu. Yanakudhuru nini?" Akakata simu. Huu ni mwezi wa pili hatusemezani. Je, habari ya Wayahudi ni kweli? Na kama hawakuamini, waliudhika kwa nini? Nimpeleke babu au nisimpeleke?
*Mjukuu, Nairobi*

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara nne. Saa ya mazishi umeikumbuka, darasa ulilokuwa ukitoka mikononi mwa babu umelikumbuka. Sina shaka kwamba unampenda, na yote nitakayosema yapokee ukijua kwamba hilo nimeliona.

Habari ya Wayahudi ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wayahudi wa Marekani waligundua kwamba majina ya wenzao waliouawa na Wanazi, chama cha Hitler kilichotawala Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yamo katika kumbukumbu za ubatizo wa mahekalu. Yalikuwa takriban 380,000.

Miongoni mwa waliokuta wazazi wao humo ni Ernest Michel, aliyezaliwa Mannheim, Ujerumani, 1923. Oktoba 1940 Wayahudi zaidi ya 6,000 wa eneo lile walipakiwa kwenye treni na kupelekwa kambi ya Gurs, kusini mwa Ufaransa. Baba na mama yake walikuwamo, na baadaye walitolewa huko wakapelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, wakauawa. Yeye mwenyewe, kijana, alifikishwa Auschwitz kwa njia nyingine na kuchorwa mkononi namba 104995. Alitoroka 1945 katika msafara wa wafungwa waliokuwa wakiswagwa kwa miguu. Mwaka huo huo alikuwa Nuremberg kama mwandishi wa habari, akiripoti kesi ya wakuu wa Wanazi, na pamoja na jina lake aliiandika ile namba.

Mtu huyo hakuwa na kaburi la kuzuru. Kwa wazazi wake alibakiwa na majina tu. Na majina ya watu kama wao yalikuwa yamechapishwa katika vitabu vya kumbukumbu, vilivyokusanywa kwa taabu ili waliouawa wasipotee mara ya pili. Waumini wenye bidii walivichukua vitabu hivyo, wakanakili jina baada ya jina, wakayafikisha hekaluni. Kaa kidogo na jambo hilo, mwanangu. Watu waliandika kitabu cha matanga, na wengine wakakisoma kama orodha ya wanaosubiri kubatizwa.

Michel na wenzake walikwenda kuzungumza na wakuu wa kanisa, na tarehe 3 Mei 1995 wakatia saini makubaliano. Kanisa liliahidi kuyaondoa majina yale, na kwamba mhanga wa mauaji yale hatabatiziwa tena isipokuwa awe babu au bibi wa moja kwa moja wa muumini aliye hai, au ndugu wa karibu waliobaki wawe wametoa idhini. Kanisa liliondoa majina kama lilivyoahidi. Lakini muumini yeyote, popote alipo, aliweza kuingiza jina, na majina yakaendelea kurudi. Mtafiti Helen Radkey, aliyewahi kuwa muumini wa kanisa hilo, alitumia miaka kuyafuatilia na kuyatoa hadharani. Mwaka 2008 Michel alijitoa kwenye mazungumzo, na alichokiomba ni kwamba milioni sita wake, Wayahudi wote waliouawa na Wanazi, waachwe walivyo.

Mwaka 2012 yakazuka tena. Ilibainika kwamba wazazi wa Simon Wiesenthal, yule aliyetumia maisha yake kuwasaka Wanazi waliojificha, wamebatiziwa. Mama yake Wiesenthal aliuawa katika kambi ya Belzec 1942. Jina la Elie Wiesel, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani aliyenusurika kambi za Auschwitz na Buchenwald, lilikutwa kwenye mfumo, naye alikuwa hai. Kisha likaja la Anne Frank, binti Myahudi aliyeandika shajara yake mafichoni, aliyebatiziwa katika hekalu la Santo Domingo, Jamhuri ya Dominika. Binti huyo alikufa katika kambi ya Bergen-Belsen akiwa na miaka 15. Hakuacha mtoto wala mjukuu. Hapakuwa na mtu duniani awezaye kusema, huyu ni bibi yangu, nampelekea ubatizo. Hapo ndipo nilipoweka gazeti chini siku ile.

Viongozi wa kanisa waliomba radhi. Waraka wa wakuu wao ulisomwa makanisani ukiwakumbusha waumini kwamba wapeleke majina ya watu wa ukoo wao, na kwamba atakayekaidi anaweza kuzuiwa kutumia mfumo. Mfumo wenyewe ukawekewa vizuizi vipya. Nayasema haya kwa sababu ni haki yao, na kwa sababu wewe ni mmoja wao: kanuni ya kanisa lako iko upande wa tahadhari. Wala si Wayahudi peke yao waliolalamika. Mwaka 2008 Vatikani iliwaagiza maaskofu wasiruhusu rejista za parokia kunakiliwa kwa kazi hiyo, na mwaka huo huo mama yake Barack Obama, aliyefariki 1995, alibatiziwa huko Provo, Utah, katikati ya kampeni za mwanawe. Kanisa lilisema hilo lilivunja taratibu zake.

Sasa nakuja kwenye neno lako, "maji tu".

Kwa Myahudi neno ubatizo lina historia ambayo mimi na wewe hatukukulia ndani yake. Mwaka 1096, majeshi ya msalaba yalipopita kwenye miji ya Mto Rhine, Wayahudi wa Mainz waliambiwa wachague maji au upanga, na wako waliojiua na kuwaua watoto wao kabla ya kuyakubali maji. Ureno, 1497, walibatizwa kwa nguvu kwa maelfu. Na Bologna, 1858, askari walibisha hodi usiku nyumbani kwa familia ya Mortara wakamchukua mtoto wao Edgardo, wa miaka sita. Kosa lake ni kwamba mtumishi wa nyumbani alimnyunyizia maji kwa siri alipokuwa mchanga na mgonjwa, akidhani anakufa. Kwa sheria ya dola ya Papa mtoto huyo alikuwa Mkristo, na Mkristo hakuruhusiwa kulelewa na Wayahudi. Wazazi walipiga magoti kila mahali. Hawakurudishiwa. Alikua akawa padri.

Yule mtumishi naye alisema alifanya kwa wema.

Basi Myahudi anayekuta mama yake, aliyeuawa kwa sababu moja tu kwamba ni Myahudi, ameandikwa kwamba amebatizwa, hasomi habari ya maji. Anasoma kwamba lile neno lililomfanya mama yake auawe limeandikwa juu yake neno jingine. Si lazima aamini kwamba roho ya mama imeguswa. Anaamini maandishi, kama sote tunavyoyaamini. Mjukuu wa kitukuu chake, miaka mia mbili ijayo, akitafuta nasaba yake, ataanzia wapi kama si kwenye hazina kubwa hiyo ya majina ambayo kanisa lako limeikusanya? Na hapo atakuta tarehe ya ubatizo. Dunia ina watu wanaokana hata leo kwamba mauaji yale yalitokea. Kila mstari unaopindisha habari za waliouawa unawaumiza walionusurika kwa namna ambayo mtu wa mbali haioni.

Nami nina yangu, na sijawahi kuyaandika kwenye safu hii.

Bibi yangu mzaa baba, mwenyeji wa Pangani, alifariki 1974 katika hospitali moja ya wamisionari. Tulimchukua, akakoshwa, akakafiniwa, akazikwa kama Mwislamu alivyo. Miaka kumi na saba baadaye binamu yangu upande wa mama, Mkristo, alikwenda kutafuta cheti chake cha ubatizo ili afunge ndoa. Karani alipokuwa akifunua rejista, binamu akaona jina la kijiji chetu, na jina la baba wa bibi, na mbele yake limeandikwa "Maria", ubatizo wa dharura, siku moja kabla ya kifo. Bibi siku ile alikuwa hajitambui. Muuguzi alimhurumia.

Mimi ndiye niliyempelekea baba habari. Alikuwa amekaa barazani anachambua mpunga, kazi aliyoipenda tangu astaafu. Alinyamaza mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa na jina." Hakusema lingine siku hiyo wala kesho yake. Siku ya tatu akavaa kanzu, tukapanda basi, tukaenda kumwona padri. Padri alimsikiliza kwa adabu, akaeleza kwamba ukurasa wa rejista hauchanwi wala haufutwi. Lakini alichukua kalamu akaandika pembeni, mbele yetu, kwamba marehemu alikuwa Mwislamu na kwamba mwanawe amefika kulieleza hilo. Akaandika jina la bibi kama baba alivyomtajia, Mwanajuma, akamwonyesha asome. Baba alimshika mkono kwa mikono miwili. Katika basi la kurudi alilala usingizi, mtu ambaye kwa siku tatu hakuwa amelala.

Baba hakuamini kwamba bibi amekuwa Mkristo, hata kwa dakika moja. Ungemwuliza maji yale yamemdhuru nini, asingekuwa na jibu la kukupa. Alichojua ni kwamba mama yake alikuwa amelala pale hawezi kusema ndiyo wala hapana, na mtu mwingine akamsemea.

Utaniambia, Mwalimu, mbona hata nyinyi Waislamu huwafanyia wafu ibada? Ni kweli, na hapa nataka tuwe makini. Tunasoma hitima. Tunatoa sadaka kwa niaba ya wazazi. Kuna hija ya badali: mzazi alifariki bila kufika Makka, mwanawe, baada ya kwanza kuhiji kwa ajili yake mwenyewe, anakwenda tena anahiji kwa niaba ya mzazi. Ukiitazama haraka inafanana sana na hekalu lenu, hata katika sharti kwamba anayesimama kwa niaba ya mwenzake awe ametimiza lake kwanza. Lakini yule mzazi alikuwa akiielekea Makka mara tano kila siku ya uhai wake. Mwana anamalizia safari ambayo mzazi mwenyewe alikuwa ameianza. Babu yako wa Kisauni alikuwa akielekea wapi, wewe uliyelala chumbani mwake unajua kuliko mimi.

Sasa kanuni za kanisa lako. Kwa mtu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, mjukuu anatakiwa apate idhini ya ndugu wa karibu kabisa aliye hai: mume au mke, mtoto, mzazi au ndugu wa kuzaliwa naye. Babu yako, hata kama mwaka uliouandika una alama ya kuuliza, yumo ndani ya miaka hiyo. Baba yako ni mtoto wake, na "fanya utakavyo" unaweza kuiita idhini. Kwa hiyo kwa karatasi pengine umekamilika, na hakuna mtu hekaluni atakayekuzuia. Nimeliwaza sana hilo, maana ndilo linaloifanya barua yako iwe ngumu.

Jibu langu ni usimpeleke, shangazi yako akiwa katika hali hii. Baba yako amekuachia kwa sababu hana la kupoteza. Shangazi ndiye anayeubeba huo msiba hadi leo. Ndiye, nadhani, anayekumbuka kusoma Yasini siku ya Ijumaa, anayejua kaburi liko mstari wa ngapi. Wayahudi hawakuwaomba Watakatifu wa Siku za Mwisho waache imani yao. Waliomba kwamba anayeomboleza aulizwe. Ukimruka shangazi kwa sababu kanuni imekupa mlango wa pembeni, utakuwa umefanya kwa mtu mmoja kile ambacho wakuu wa kanisa lako walikiombea radhi kwa watu wengi.

Na kama moyo wako unaogopa kwamba babu anangoja na wewe unamchelewesha, waulize viongozi wako juu ya ile miaka elfu ya utawala wa Kristo duniani. Mafundisho yenu yenyewe yanasema kazi ya hekaluni kwa ajili ya wafu itaendelea wakati huo mpaka ikamilike, na kwamba hakuna atakayekosa kwa sababu ya kucheleweshwa na binadamu. Kwa imani yako mwenyewe, basi, subira haimnyimi babu kitu.

Mpigie simu shangazi. Usianze na hekalu. Anza na lile neno la "maji tu", umwombe radhi kwa hilo peke yake, na usilifuatishe na "lakini". Akikuuliza bado unataka kumbatiza babu, mwambie ukweli kwamba unatamani, na kwamba hutafanya bila yeye. Asiporidhika maisha yake yote, basi hukufanya maisha yake yote.

Nasaba unaweza kuiandika hata hivyo. Mti wa ukoo katika tovuti ile unajazwa bila kumpeleka mtu yeyote hekaluni, na ukoo wenu wa Kisauni unastahili kuandikwa, babu na baba yake na mama yake, pamoja na dini yao kama ilivyokuwa. Nenda Mombasa ukiwa na daftari. Ile alama ya kuuliza uliyoiweka mbele ya 1931, shangazi yako huenda analo jibu lake.